Sifa za Lettow-Vorbeck zimetuchosha

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukusumbua, lakini makala yenu iliyomtukuza Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kuwa jenerali asiyeshindwa imenifanya nishindwe kunyamaza.

Kwamba aliwatimua Waingereza Tanga Novemba 1914, akavuka mto Ruvuma mwaka 1917 na kuweka silaha chini Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, sibishi. Mwandishi wenu hakugusia kwamba kabla ya kuletwa kwetu alikwisha kutumika Namibia wakati watu wa kabila la Waherero wakiangamizwa na Wajerumani, wala kwamba mwaka 1920 aliunga mkono jaribio la mapinduzi la Wolfgang Kapp dhidi ya serikali ya nchi yake, Ujerumani. Hayo nayasamehe. Nisilolisamehe ni kutouliza jeshi hilo lilikula nini na lilibebwa na nani. Lilikula chakula chetu, Mhariri! Kwetu Ugogo Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na vijana. Walipofukuzwa mwaka 1916 Waingereza wakaingia na kukomba kilichosalia, mvua nazo zikagoma, ikaja njaa ya Mtunya iliyoua watu kwa maelfu. Waingereza angalau waliweka hesabu, japo pungufu, ya wapagazi wao waliokufa, nayo inapita 40,000, wengi kwa kuhara na malaria. Upande wa jenerali wenu hakuna aliyejishughulisha kuhesabu.

Mwaka jana niliwapeleka wajukuu kwenye eneo moja la kumbukumbu za vita hivyo. Kijana aliyetutembeza alisimulia ujanja wa jenerali kwa raha zote, lakini nilipomwuliza wapagazi walizikwa wapi alinitazama kana kwamba namdai chenji, akasema muda wetu umekwisha, ilhali kiingilio tulikilipa kamili. Shuleni nako ni yale yale: mjukuu wangu wa kidato cha pili anataja tarehe za vita vya Tanga bila kusita, lakini Mtunya, njaa iliyowazika ndugu za babu zake, hajawahi kuisikia darasani.

Napendekeza basi kwamba kila mtakapochapisha picha ya jenerali huyo na kofia yake, mchapishe pembeni picha ya mpagazi mwenye mzigo kichwani, kwa ukubwa ule ule na katika ukurasa ule ule. Mkikosa jina lake, andikeni chini kwamba mwajiri wake hakuliandika.

Mwalimu mstaafu,
Dodoma