YAH: TUFANI ILIYOEZUA STOO YANGU NA MAJIBU NILIYOPEWA KAUNTA

Kwa Meneja wa Tawi,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

Nakusalimu. Sijui kama unayasikia yanayosemwa kwenye kaunta yako, kwa hiyo nakuletea.

Usiku wa kuamkia Jumanne iliyopita upepo uliezua mabati 22 ya stoo yangu hapa Nkuhungu, mvua ikamwagikia magunia ya alizeti. Asubuhi yake, saa tatu, nilikuwa ofisini kwako na hati ya bima mkononi. Kijana wa madai akasoma mstari mmoja, akacheka: "Mama, tufani ni mambo ya Mafia huko. Dodoma kuna bahari?"

Fomu ya madai sikupewa.

Ndugu Meneja, kilichopiga Mafia Mei 2024 kiliitwa kimbunga, Kimbunga Hidaya. Kwenye hati yenu mmeandika "tufani na mafuriko". Nimefundisha Kiswahili miaka 26 hadi nikastaafu. Tufani na mafuriko ni maneno mawili, na bahari haimo katika lolote kati yao. Mvua zetu za Desemba mpaka Aprili huja na upepo, mnalijua hilo, ndiyo maana wakala wenu alinifuata Oktoba, mbingu bado nyeupe. Ni yeye aliyesema bima ya moto peke yake haitoshi, niongeze kipengele cha tufani. Nikaongeza, ada ikapanda. Akasema nifunge kenchi kwa waya, nichimbe mtaro, nipandishe magunia kwenye chaga. Nikafanya yote, akapiga picha kwa simu yake. Na mtaro umefanya kazi: maji ya chini hayakuingia hata tone. Yameingia ya juu.

Alizeti ile ni kiinua mgongo changu.

Narudia ya kaunta kwa sababu bado hayajapita kooni. Kijana hakucheka peke yake. Alimgeuzia mwenzake hati yangu, "Huyu naye katokea Mafia," wakacheka wote wawili, na nyuma yangu kwenye foleni wamo watu niliowafundishia watoto. Kisha akanirudishia hati kwa kuisukuma na ncha ya kalamu, eti ina tope, akaita, "Anayefuata!" Mzee mmoja akanyanyuka kunipisha kiti. Katika ofisi yenu nzima, aliyeniuliza kama niko salama ni huyo mzee, naye ni mteja tu.

Naomba mtathmini wa hasara afike stoo ndani ya siku 14, alizeti iliyolowa imeshaanza kuota. Mabati yalipwe, na magunia yalipwe. Nilipoanza kuandika nilitaka hayo tu. Sasa nataka yule kijana aniombe radhi kwa maandishi, tena anikabidhi pale pale kaunta, watu wakiwepo. Na kama neno tufani halina maana kwenu, nirudishieni ada ya kipengele hicho. Hizo siku 14 pia nimezifikiria upya: ziwe 7.

Zikipita, sitawaandikia tena. Makao makuu ya TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, yako hapa hapa mjini, na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima naye yupo kwa ajili ya watu kama mimi. Bahasha zao nimeshaziandika anuani.

Nimeambatanisha nakala ya hati na picha za stoo. Hati halisi ninabaki nayo mwenyewe, pamoja na tope lake.

Mteja wenu,
Mwalimu mstaafu, Nkuhungu