Mjomba, maji uliyamwaga mwenyewe

Lubumbashi, Kamalondo

Mjomba wangu mpendwa,

Jambo sana. Mama ananisahihisha kila nikikuandikia: anataka niseme Manseba, kwa lugha yenu ya Kasai, siyo Mjomba. Lakini wewe ulizaliwa Likasi, ulicheza mpira kwa Kiswahili, uligombana na madereva kwa Kiswahili, na mimi ulinifundisha kuhesabu soketi za funguo kwa Kiswahili. Acha niendelee hivyo hivyo.

Nimekupigia simu huko Mbuji-Mayi mara tatu juu ya gari lako, Peugeot 404 ulilotuachia. Mara zote tatu umenijibu maneno yale yale: gari hilo nililitupa, toeni moteri mweke ya Toyota, ama liuzeni kwa kilo. Kisha unauliza bei ya unga Lubumbashi, na mazungumzo yanaishia hapo. Ndiyo sababu naandika, na naandika mbele ya watu, kwa kuwa najua si lupango letu, kiwanja chetu hiki, peke yake lenye kitu cha mtu aliyeondoka miaka ile ya kufukuzwa. Kuna nyumba hapa Kamalondo zina cherehani ambayo haishonewi. Kuna nyumba mtaa wa Kenya, hapa hapa mjini, ina sanduku ambalo halijafunguliwa mpaka leo. Sisi tuna gari.

Nataka nikueleze tulichokikuta ndani yake. Ukimaliza kusoma, useme tena kwamba ulilitupa.

Mwezi wa sita, baridi ilipoanza, nilimwita fundi mmoja mzee wa Katuba, mtu aliyezeekea ndani ya Peugeot. Alikuja kwa miguu na mfuko wa funguo. Nilikuwa nimekwisha kuazima batri, nikidhani ndiyo kazi ya kwanza. Akaniambia niirudishe. Moteri iliyolala zaidi ya miaka 30, alisema, ukiipa umeme kabla ya kuishika kwa mkono unaivunja wewe mwenyewe. Akaomba bakuli. Akalala chini, akaliweka bakuli chini ya radiateri, akafungua kile kirobineti cha chini. Hakikutoka kitu. Akahamia ubavuni mwa moteri, akafungua bolti ya pili. Hakikutoka kitu. Akaingiza waya, ukatoka mkavu, hauna hata tope.

Akakaa palepale chini ya mwembe, akanitazama. “Huyu mtu alimwaga maji,” akasema. “Alimwaga sehemu zote mbili. Anayetupa gari hamwagi maji.”

Mimi sikuelewa mara moja, ikabidi anieleze. Moteri ya 404 ina mwili wa chuma na kichwa cha aluminiamu, na silinda zake ni mirija inayokaa ndani ya maji yenyewe, imezibwa kwa pete huku chini. Maji yakilala humo miaka na miaka, yanakula aluminiamu, yanaotesha kutu kwenye chuma, mwisho yanapenya pete na kushuka kwenye oili. Moteri nyingi za namna hiyo alizofungua, alisema, alizikuta zimeoza kutoka ndani huku nje zinang'aa. Ya kwako ilikuwa na vumbi jekundu nje, ndani kavu kama chungu kipya.

Hapo ndipo nilipoikumbuka tochi.

Nilikuwa na miaka 10, mwaka 1993. Uliingia usiku kutoka Likasi, taa moja imezimika. Mama alitoka na kitenge juu ya nguo ya kulalia. Mliongea Tshiluba kwa sauti ya chini ili mimi nisisikie, na mimi nikasikia neno moja tu, treni. Watu wenye asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa Likasi na Kolwezi, wamelala stesheni siku baada ya siku na masufuria yao wakingoja behewa. Wewe ulileta gari kwa dada yako aliyeolewa huku, halafu urudi kuungana na wenzako. Kabla ya kuondoka ulinipa tochi nikumulikie. Nikakumulikia. Ulilala chini ya gari, nikasikia maji yanamwagika kwenye mchanga, nikadhani unalitengeneza.

Tulipoendelea kufungua tulikuta mengine, Mjomba. Mkanda wa dinamo ulikuwa umetolewa na kufungwa kwa kamba kwenye usukani, usikauke ukiwa umevutwa. Tangi la esansi, yaani petroli, lilikuwa tupu, halina ule utomvu unaoachwa na esansi iliyozeeka. Chini ya ekseli kulikuwa na magogo manne, moja limeliwa nusu na mchwa, matairi hayagusi ardhi. Na katika bomba la moshi kulikuwa na kitambaa kimesokotwa kikasukumwa ndani kabisa, panya wasipite. Watu wanakungoja kwenye treni, nawe unaziba bomba la moshi ili panya wasiingie kwenye gari ulilolitupa?

Sasa juu ya Toyota. Sina neno baya juu ya Toyota, nusu ya mji huu inakwenda kazini kwa Toyota, nyingine zikiwa na usukani wa kulia kama zilivyopita mpakani Kasumbalesa. Lakini moteri yako imelazwa ubavu nyuzi 45, ndiyo maana boneti ile iko chini vile. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1618, gia zake ziko kwenye shingo ya usukani. Kuweka moteri nyingine ni kukata vishikio, kukata sakafu, kubadilisha giaboksi na shafti. Kitakachobaki ni milango yenye umbo la Pininfarina, wachoraji wa magari wa Italia, juu ya gari la mtu mwingine. Na wewe ndiwe uliyekuwa ukituhesabia mezani, bukari, ugali wetu, ikipoa: mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki, 404 ilishinda 1963, ikashinda 1966, 1967, na 1968. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza saba tena. Gari lako ni la 1966. Unaniambia nitoe moyo wa hilo?

Kazi yenyewe haikuwa ya haraka. Tulitoa buji, zile plagi za cheche, unakumbuka zinavyokaa ndani ya visima virefu, na vile virefusho vya bakelaiti juu yake? Viwili vilivunjika mkononi, nisamehe, nimepata vingine. Fundi alimimina kwenye kila silinda mchanganyiko wa mafuta mepesi na oili, kiasi cha kikombe cha kahawa, akatukataza kugusa kitu siku nne. Siku ya tano akaomba manivela, ule mkono wa chuma wa kuzungushia moteri.

Nikamwambia hatuna. Mama akatoka jikoni, akaenda chumbani, akarudi nayo imefungwa kwenye gazeti. Miaka yote hiyo ilikuwa chini ya kitanda chake. Tulihama chumba mara mbili, tulipaka rangi, mvua iliwahi kuingia ndani mpaka magotini, na mimi sikuwahi kuiona.

Siku ya tano haikuzunguka. Ya sita na ya saba vilevile. Fundi hakuisukuma kwa nguvu, aliibonyeza tu huku na huku kama mtu anayejaribu jino. Siku ya tisa asubuhi ilisogea upana wa kidole. Jioni ikazunguka mzunguko mzima, ikatoa mlio wa kufyonza, na oili nyeusi ikaruka kutoka kisima cha tatu mpaka kwenye shati langu. Tulicheka wote, hata watoto wa jirani waliokaa juu ya ukuta.

Baada ya hapo tulishusha sinia ya oili, tukaosha chujio la pampu, tukaweka oili mpya, tukazungusha kwa mkono bila buji mpaka tukaona oili inachomoza huku juu, kwenye vyuma vinavyosukuma valvu. Kabureta ya Solex nililoweka na kuisafisha mwenyewe kwa siku mbili. Platini, zile zinazokata na kuunga umeme wa cheche, tulizisugua kwa karatasi laini, tukaweka nafasi ya milimita 0.4. Kondensa ilikuwa imekufa. Radiateri, ambayo ni ya shaba, ilikuwa na tundu moja tu, akaziba jamaa wa mtaa wa Kenya anayechomelea kwa risasi. Nilifurahi kuona shaba inazibwa katika mji wa shaba.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane ndiyo tuliyojaribu. Demarere, yaani stata, haikufanya kazi, tukaamua kutumia manivela, na umeme wa cheche tukauchukua kwenye batri ndogo ya pikipiki. Esansi tuliiweka kwenye chupa iliyofungwa juu ya boneti, inateremka yenyewe kwenye kabureta, na ndoo ya mchanga pembeni. Mara ya kwanza kabureta ilikohoa moto. Mara ya pili vilevile. Kijana wa fundi ndiye aliyefunga nyaya za buji, naye alihesabu silinda kuanzia radiateri, kama magari mengine. Mzee akajipiga paji la uso: Peugeot inahesabu kutoka nyuma, upande wa gurudumu zito. Mpango wa moto ulikuwa ule ule, 1-3-4-2, ila cheche ilikuwa inafika silinda ikiwa inapumua nje.

Tukageuza nyaya. Nikashika manivela mimi.

Mjomba, unakumbuka ulivyonipiga kofi dogo mkononi nilipokuwa na miaka minane? Nilishika manivela kama ninavyoshika mwiko, dole gumba limezunguka. Ukanionyesha: dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, uvute kwenda juu, usisukume kwenda chini kamwe, kwa maana moteri ikirudisha teke itachukua mkono wako. Nilivuta hivyo. Cheche ilikuwa mapema mno, moteri ikarudisha teke. Manivela ilinitoka vidoleni na kuzunguka kinyume kwa nguvu ambayo sijaiona kwenye chuma. Mkono wangu ulibaki mzima. Fundi alinitazama dole gumba, akauliza nani alinifundisha. Nikamtajia jina lako.

Akasogeza disitribiuta kidogo sana, upana wa ukucha. Nikavuta tena, ikashika.

Ilianza kwa silinda mbili, ikatetemeka mwili mzima, moshi wa buluu ukafunika mwembe. Ya tatu ikaingia, halafu ya nne, na tetemeko likatulia ghafla. Unaujua mlio wenyewe, siwezi kuuandika. Watu walianza kupiga kelele kwamba feni haizunguki, zima, itaungua. Mimi nilisema subirini. Feni ya 404 inashikwa na sumaku, haizunguki mpaka maji yapate joto, hilo pia ulinifundisha. Tukangoja, mkono wangu juu ya radiateri. Ikashika. Watoto wakashangilia feni kuliko walivyoshangilia moteri.

Mama alisimama mlangoni na unga mikononi. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu: “Mlio huu unafika wapi?” Nikamwambia labda mpaka barabara kubwa. Akasema, “Basi uache kidogo.” Tukauacha mpaka chupa ya esansi ikaisha.

Bado halijatoka lupangoni. Breki zake zote nne ni za dramu, na silinda ndogo za magurudumu zimeshika kutu. Za mbele nimepata, za nyuma nazingoja kwa mtu anayekuja kutoka Nairobi. Ekseli ya nyuma hatujaifungua, na hapo ninakuhitaji kweli: fundi anasema ile ya skrubu na gurudumu la shaba nyeusi haitaki oili yoyote tu, nawe ulikuwa unaweka aina moja usiyoibadilisha. Niandikie ni ipi. Niandikie pia giya ya kurudi nyuma inaingiaje, maana kila mtu hapa anaonyesha njia yake.

Najua safari siyo ndogo, barabara mpaka Mwene-Ditu, halafu treni, nayo treni haina saa. Najua pia kwamba stesheni ile siyo stesheni tu kwako. Sikusukumi. Ukiniambia nilete mimi picha na sauti Mbuji-Mayi nitakuja. Lakini kiti cha dereva hajakaa mtu. Fundi alitaka kukaa ili akanyage klachi, Mama akamwambia akanyage kwa mkono, naye akatii.

Kitambaa tulichokitoa kwenye bomba la moshi nilikifua mara tatu. Ni shati, la mikono mifupi, lina vifungo vinne na kimoja kimekatika. Mama anasema ulikuja nalo usiku ule ukaondoka umevaa koti la Baba. Limekauka, liko kwenye kamba.

Mpwa wako