Risala ya Wahitimu wa Umeme na Elektroniki kwa Mgeni Rasmi, Lamu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazee wa mji, mama zetu na baba zetu, wageni waalikwa, assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe Mheshimiwa kwa kuvuka kutoka Mokowe na kuja kukaa nasi. Historia ya chuo umeshaisikia kwa Mkuu wa Chuo. Sisi wahitimu tunaomba dakika zetu tuzitumie kwa jambo moja lililoingia katika fani yetu kwa kasi, nalo ni utengenezaji wa droni za kijeshi, yaani ndege zisizo na rubani, na mahitaji yake yanayopanda kila mwaka.

Mheshimiwa, mtu wa Lamu hahitaji kufundishwa thamani ya usalama. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa na watu zaidi ya 60 wakauawa. Tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab waliingia uwanja wa ndege wa Manda Bay, wakaua Wamarekani 3 na kuteketeza ndege. Njia za kuelekea Kiunga na msitu wa Boni zimetegwa mabomu, na askari na raia wamepotelea humo. Wavuvi wetu nao walikatazwa kuvua usiku kwa miaka, kwa sababu bahari ni pana na macho ya kuilinda ni machache. Yapo majiko katika mitaa yetu ambayo hayakuwashwa kwa ajili ya katazo hilo. Ndege ndogo isiyo na rubani, inayoweza kukaa angani usiku kucha ikitofautisha mashua ya mvuvi na chombo cha mhalifu, kwetu ni suala la riziki.

Lakini droni inayotakiwa leo duniani si ya kuangalia tu. Desemba 2023 Rais Zelensky wa Ukraine alitangaza kwamba nchi yake ingetengeneza droni milioni 1 katika mwaka wa 2024. Kabla mwaka huo haujaisha, alisema viwanda vyao vina uwezo wa kutoa milioni 4 kwa mwaka. Marekani, Agosti 2023, ilitangaza mpango wake ulioitwa Replicator wa kupata maelfu ya vyombo vya aina hiyo ndani ya miezi 18 hadi 24. Urusi ilianza kwa kununua droni za Shahed kutoka Iran, kisha ikajenga uwezo wa kuziunda yenyewe huko Alabuga, Tatarstan. Huku kwetu Afrika, Mei 2025, mji wa Port Sudan ulipigwa kwa droni siku kadhaa mfululizo, na maghala ya mafuta yakawaka. Huo ni mji wa bandari kama huu wetu.

Tumejiuliza darasani kwa nini nchi tajiri zinahangaika kuongeza idadi, na hali droni yenyewe ndogo ni fremu, mota nne, betri, kamera na bodi ya kuiongoza. Fundi wa Matondoni huunda jahazi zima bila mchoro, kwa jicho na mkono wake, na likaelea miaka. Mwambie sasa atoe majahazi elfu moja kwa mwezi, yote yalingane hata ubao wa hili uingie katika lile. Atahitaji vipimo vya pamoja, mafundi mia waliofunzwa namna moja, mbao zinazofika kwa wakati, na mtu wa kukagua kila kifundo. Kwenye droni tabu ni hiyohiyo. Kuunda moja, kijana mwerevu anaweza kuifanya mezani kwake. Kuunda laki moja zinazoruka sawasawa ndiko kunakozishinda nchi.

Na vipuri vyenyewe viko mikononi mwa wachache. Mota hizi hutumia sumaku zenye madini ya neodimiamu, na Uchina ndiyo inayoshika sehemu kubwa ya utengenezaji wa sumaku hizo duniani. Tarehe 1 Septemba 2023 Uchina ilianza kubana uuzaji nje wa baadhi ya droni na vifaa vyake, na Aprili 2025 ikabana aina kadhaa za madini adimu. Kila ilipobana, viwanda vya mbali vilianza kutafuta mahali pengine pa kupata mota, betri na bodi. Pia muundo wa droni haukai mmoja. Adui akipata mtambo wa kuvuruga mawimbi ya redio, droni zilizojaa ghalani zinageuka mzigo, na ndiyo maana mafundi wa Ukraine na Urusi wakaanza kuziongoza kwa uzi mwembamba wa kioo unaofunguka nyuma ya droni kadiri inavyoruka. Kiwanda kisicho na fundi anayeweza kubadilisha kazi yake kwa haraka hakifui dafu katika biashara hii.

Sasa Mheshimiwa tunafika kwenye jambo linalotuuma. Viwanda hivi vinataka mikono, na mikono inatafutwa kwetu. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilifichua kwamba wasichana wapatao 200 kutoka nchi za Afrika, Kenya ikiwemo, walipelekwa Alabuga kuunganisha droni za vita. Walivutwa kwa matangazo ya mtandaoni yaliyoahidi tiketi ya ndege, mshahara na masomo. Umri uliotakiwa ulikuwa miaka 18 hadi 22. Baadhi walidhani wanakwenda kusomea kazi za hoteli na upishi. Walikuta saa ndefu za kazi, kuchungwa kila hatua, na kemikali zilizowawasha ngozi. Aprili 2024 eneo hilo lilishambuliwa na droni za Ukraine, na bweni likapigwa. Agosti 2025 serikali ya Afrika Kusini iliwaonya vijana wake wasiingie katika mpango huo.

Wengi wetu tuliosimama mbele yako ni wasichana wa umri huohuo. Tunajua kulehemu, kusuka upya koili za mota, kupima betri na kusoma saketi. Ndio hasa wanaotafutwa. Cheti tutakachopokea leo kwa mkono wako kinaweza kesho kupigwa picha na kutumwa kwa wakala tusiyemjua, na mzazi akauza kiwanja ili amsafirishe mwanawe.

Ombi letu la kwanza, na ndilo kubwa, ni kwamba ofisi yako ishirikiane na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, orodha ya mawakala wenye leseni ibandikwe hapa chuoni, Faza, Mpeketoni na Kiunga, na pawe na afisa ambaye mzazi anaweza kumwonyesha mkataba kabla hajatia sahihi. Mikataba mingine huja kwa lugha ambayo nyumbani hakuna anayeisoma.

Ombi la pili ni kazi hapa nchini. Kenya ina kiwanda cha risasi Eldoret, na mwaka 2021 ilifungua kiwanda cha kuunganisha bunduki Ruiru. Nigeria ilizindua droni yake, Tsaigumi, mwaka 2018. Siku Kenya itakapoamua kuunda droni zake kwa wingi, tunataka vijana wa Pwani wawe kwenye meza za ufundi, wasiishie kubeba maboksi. Miongoni mwetu wapo wasiotaka mikono yao iguse kitu cha vita, na tunawaheshimu. Wapo pia wanaotamani kulitumikia Jeshi la Ulinzi. Kwa wote, kuanzia na droni za doria, uokoaji baharini na ulinzi wa mikoko ni mwanzo wa halali. Tunaomba utuombee nafasi za mafunzo ya kazini katika karakana za Jeshi la Wanamaji, hata za kutengeneza redio na injini.

La tatu, tunajifunza droni kwa michoro ubaoni. Kanuni za 2020 zinataka kila droni isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa hali ya Lamu tunaelewa kwa nini kurusha chombo angani bila kibali ni hatari kwetu wenyewe. Tunaomba basi kibali cha chuo, mahali pamoja na saa maalumu, askari wakiwa na habari, mwalimu akiwa ndiye mwenye dhamana. Pamoja na hilo, karakana ipate osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, na meza za kulehemu, kwa maana zilizopo hazitoshi darasa.

Nakala ya risala hii tutaikabidhi kwa katibu wako, na majina ya wahitimu walio tayari kwa mafunzo ya kazini yameambatanishwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa kwa niaba ya wahitimu wa Umeme na Elektroniki, Lamu.