Kikapu cha shule: tuchore mistari upya, tubadilishe dakika za mwisho

Mhariri,

Mwaka 2010 mstari wa pointi tatu ulisogezwa kutoka mita 6.25 hadi 6.75, na lile eneo la chini ya goli lililotanuka kama sketi likawa mstatili wa mita 4.90 kwa 5.80. Viwanja vingi vya shule na vya mitaani bado vina ile sketi. Kijana anayelelewa hapo anauzoesha mkono umbali wa zamani. Akifika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, mpira unagonga ringi kwa mbele, mmoja baada ya mwingine, na lawama anabebeshwa yeye.

Zege jipya halihitajiki. Shusheni timazi, yaani uzi wenye uzito mwishoni, kutoka katikati ya ringi, mweke alama sakafuni. Msipimie kwenye nguzo, nyingi zimeinama. Alama hiyo iwe mita 1.575 kutoka ukingo wa ndani wa mstari wa mwisho. Isipokuwa hivyo, nyoosheni goli kwanza. Kutoka hapo zungusheni tao la mita 6.75 kwa waya au tepu ya chuma. Kamba ya nailoni inavutika, tao linatoka yai. Kwenye kona mstari unanyooka, sentimita 90 kutoka mstari wa pembeni, na unapokezana na tao mita 2.99 kutoka mstari wa mwisho. Vipimo hivi vyote vinaishia ukingo wa nje wa mstari wenye upana wa sentimita 5. Sugueni sakafu kwa brashi ya waya, na rangi ichanganywe na mchanga laini kidogo, la sivyo asubuhi ya umande inateleza kama sabuni. Mistari ya zamani ifutwe kabisa, maana uwanja wenye matao mawili ni ugomvi kila mechi.

La pili ni sheria. Timu iliyo nyuma inacheza faulo makusudi kusimamisha saa. Kuanzia faulo ya tano ya timu katika robo moja ya mechi, kila moja ni mitupo huru miwili, na dakika mbili zinageuka robo saa ya kusimama. Kwetu saa yenyewe mara nyingi ni simu ya mtu mezani, na hapo ndipo kelele zinapoanza.

Mmarekani Nick Elam alibuni dawa, na NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, iliitumia kwenye mechi yake ya nyota, All-Star, ya 2020. Kwa mechi za shule napendekeza hivi: filimbi ya kwanza ikilia zikiwa zimebaki dakika nne au pungufu, saa ya mchezo izimwe, ile ya sekunde 24 za kila shambulizi iendelee. Alama za anayeongoza ziongezwe 8; hilo ndilo lengo, na atakayelifikia kwanza ameshinda. Ikiwa 61–56, lengo ni 69. Faulo sasa inamsogeza mpinzani kwenye ushindi, hakuna wa kuitafuta. Dakika za nyongeza nazo zinakufa.

Ligi zinazofuata kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, haziwezi kujiamulia hili, lakini bonanza na michezo ya shule za kata zinaweza. Lengo liandikwe ubaoni kwa chaki, tarakimu kubwa, kabla mpira haujarudi mchezoni.

Mdau wa kikapu,
Morogoro