Nilipe milioni nne, kisha haki zote za kitabu ziwe zao?

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu wewe na wasomaji wote. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama wa watoto wanne, mkazi wa Korogwe. Nimeandika kitabu changu cha kwanza. Mchapishaji mmoja ameukubali muswada na kuniletea mkataba, ila sijausaini. Naomba ushauri, hasa kwa walimu wenzangu waliochapisha baada ya kustaafu.

Kitabu kinahusu watoto wa kambi za wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nilifundisha darasa la kwanza na la pili katika shule zilizozungukwa na mashamba hayo. Babu za watoto wale waliletwa Tanga wakiwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea, Njombe na hata Msumbiji, enzi ambazo mkonge ndio ulioiingizia nchi fedha za kigeni kuliko zao lolote. Nilipoanza kazi miaka ya 1980 bei ilikuwa imeshaanguka, kamba za nailoni zimeteka soko, lakini watu wa kambini walibaki. Mtoto alikuja darasani nyumbani kwao wanasema Kiha, kwa jirani Kibena, sokoni Kizigua, na mimi namfundisha "ba, be, bi". Nimeeleza walivyojifunza kusoma. Nimeeleza habari za wasichana waliokatisha masomo ili walee wadogo zao mama akiwa korona, kiwanda cha kusindika mkonge, na za wazee waliokuja shuleni na barua kutoka kwao ili watoto wa darasa la tatu wawasomee. Wazee hao wengi wameshafariki, na sijaona kitabu kinachowasimulia kutoka upande wa darasani. Ndiyo maana jambo hili linaninyima usingizi.

Sasa mkataba. Natakiwa kulipa shilingi milioni 4 kwa ajili ya uhariri, upangaji wa kurasa, jalada na uchapaji wa nakala 500. Mimi nitapewa nakala 50. Zilizobaki watauza wao, nami nipate asilimia 10 ya mauzo. Nimepiga hesabu: kitabu kikiuzwa shilingi 10,000 na nakala zote 450 zikaisha, nitapata shilingi 450,000. Hapo nimeshatoa milioni 4.

Kinachoniuma zaidi ni kifungu kinachosema hakimiliki inahamia kwao kwa muda wote inaolindwa na sheria. Sheria yetu ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Yaani wajukuu zangu wakitaka kukichapa upya kitabu cha bibi yao, itabidi wakaombe ruhusa. Ninavyoelewa mimi, asilimia 10 ni mgawo wa mwandishi ambaye mchapishaji amemgharamia kila kitu. Mwandishi akitoa fedha zake mwenyewe, basi vitabu ni vyake na haki ni zake. Nilipouliza, nilijibiwa kuwa ndivyo ilivyo kwa waandishi wapya, na kwamba wao wataniingiza mashuleni. Hilo la mashule nimekaa kwenye elimu muda wa kutosha kujua kwamba kitabu cha darasani kinahitaji ithibati ya serikali. Ahadi ya mchapishaji haitoshi.

Mume wangu anasema niachane nao, nitafute mhariri wa kumlipa mwenyewe, nichukue ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, Maktaba ya Taifa, nisajili kazi Ofisi ya Hakimiliki, kisha niende kwa mpiga chapa na nianze na nakala chache. Fedha ni ya kiinua mgongo changu na haitarudi tena, kwa hiyo maneno yake nayasikia. Lakini nani atavibeba vitabu kutoka Korogwe hadi kwenye maduka ya Dar es Salaam, na nani atafuatilia malipo?

Halafu kuna binti wa dada yangu, mwalimu wa sekondari. Yeye ananishauri nisichapishe kokote kwanza, niupeleke muswada kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania tangu 2022. Mshindi wa kwanza hupewa shilingi milioni 10 na kazi yake huchapishwa. Ni jambo zuri kabisa kwa nchi yetu. Ila tuzo hiyo ni ya kazi bunifu, kama riwaya na mashairi, na nilichoandika mimi ni mambo yaliyotokea. Itanibidi nikivunje chote nikisuke upya kuwa riwaya. Naogopa wale wazee watageuka wahusika wa kubuni, na msomaji hatajua kwamba waliishi kweli.

Wanaojua naomba waniambie: kifungu kile cha hakimiliki kinajadilika, au nikiomba waandike miaka michache tu watanifukuza? Aliyejichapishia mwenyewe akiwa mkoani, vitabu aliviuzaje? Na yupo aliyeigeuza kumbukumbu yake kuwa riwaya bila kuwapoteza watu wake? Wachapishaji wanataka jibu mwisho wa mwezi ujao.

Mwalimu mstaafu,
Korogwe, Tanga.