Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya utamaduni, Kigoma: Majarida yameloa, tunaomba chumba kikavu

YAH: OMBI LA CHUMBA CHA KUHIFADHI MAJARIDA YA SANAA NA MAVAZI

Mheshimiwa,

Tunakusalimu kwa heshima. Mvua ya Jumanne usiku imeingia stoo, na makasha sita ya majarida yaliyowekwa sakafuni "kwa muda" yameloa. Tulikuandikia mara tatu kwamba hili litatokea. Mara tatu tulijibiwa kwamba chumba kipo na rafu zinatengenezwa. Jumatano asubuhi makasha yalitolewa nje pamoja na taka, na kufikia saa nne, kabla hatujayaokoa, kurasa kadhaa zilikuwa zimeshafungia vitumbua pale Mwanga. Mama wa vitumbua hana kosa lolote. Kapewa karatasi, kaambiwa ni taka.

Mheshimiwa, katika makasha yale mna matoleo ya Revue Noire. Jarida hilo lilianzishwa Paris mwaka 1991 na Jean Loup Pivin, Simon Njami, Pascal Martin Saint Léon na Bruno Tilliette. Lilidumu hadi 2001, likatoa matoleo 34 kwa Kifaransa na Kiingereza, makubwa ya umbo, yenye picha zilizopewa nafasi ya kutosha. Wakati ambapo Ulaya ilizoea kuiona sanaa ya Afrika kama vinyago vya kale visivyo na jina la mchongaji, jarida hili lilimweka mchoraji, mpiga picha na mbunifu wa mavazi wa siku hizi pamoja, kila mmoja kwa jina lake na mji wake. Mwaka 1996 Kinshasa ilipata toleo lake. Kwa mji kama wetu, ambao vitenge na mitindo huvuka ziwa kutoka Kalemie na Uvira kule Kongo, hilo linatuhusu moja kwa moja.

Chukua picha za Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio Bamako mwaka 1948. Mwanamke amekaa na gauni la maua, nyuma yake limetundikwa shuka la maua vilevile, na bado jicho linamwona yeye kwanza. Fundi cherehani akiweka rula kwenye ukurasa huo anaona ua limeangukia wapi kifuani, mshono wa bega umekaa wapi, na mkono umekatwa kwa upana gani ukilinganisha na bega. Kitenge cha yadi sita hakikusamehe ukikosea pale: ua likigawanyika kwenye mshono wa mbele, nguo imeharibika. Au Samuel Fosso, aliyefungua studio yake Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13, akawa anamalizia filamu ya kamera iliyobaki baada ya picha za wateja kwa kujipiga picha mwenyewe akiwa amevaa mavazi aliyoyachagua. Vijana wa studio za hapa wanahitaji kuyaona haya yakiwa yamechapwa, kwa ukubwa wake.

Sasa hali ilivyo. Karatasi inayong'aa imepakwa udongo mweupe laini uliochanganywa na gundi. Ikilowa, ule mpako unalainika. Ikikauka ikiwa imefumbwa, kurasa zinashikana, jarida linakuwa tofali, na ukilazimisha kulifungua picha inabanduka na kubaki upande wa pili. Kwa hiyo waliotaka kuyaanika juani yakiwa yamefungwa walikuwa wanayamaliza. Kurasa hutenganishwa zingali mbichi, na kila zinapokutana huwekwa kipande cha karatasi ya kuokea keki, ile isiyonata. Jarida la kurasa 80 lina majani 40, maana yake vipande visivyopungua 39 kwa jarida moja tu. Halafu feni, kivulini, bila kubana. Haya yote ndani ya saa 48, kwani baada ya hapo ukungu unaanza.

Yasiyowezekana kufunguliwa ndani ya muda huo hugandishwa, kila moja kwenye mfuko wake wa nailoni, mgongo ukiwa chini, kisha hutolewa machache machache kadiri mikono inavyotosha. Tumeazima friza ya samaki. Makasha manne yamo humo. Mawili yamekwisha kuwa tofali, na katika hayo mawili ndimo lilimokuwa toleo la Kinshasa.

Maji, tunavyodhani, hayakutoka kwenye bati peke yake. Ukuta wa nyuma una alama ya unyevu hadi usawa wa goti, na mfereji wa nje umejaa mchanga tangu masika yaliyopita. Kama tumekosea, fundi ujenzi aje aangalie. Lakini aje.

Chumba tunachoomba si kikubwa. Rafu ziwe za chuma, kwa sababu mbao hapa ni chakula cha mchwa. Rafu ya chini iinuliwe sentimita 15 kutoka sakafuni, na zote ziachane na ukuta ili hewa ipite. Majarida yalazwe, yasizidi kumi kwa rundo, maana yale yaliyobandikwa kwa gundi mgongoni hupinda yakisimamishwa bila kuegemezwa. Madirisha yawe na wavu. Kiwepo kipimo cha unyevu ukutani, na kikipita asilimia 60 feni iwashwe. Basi. Hata rafu zikichelewa tutaleta za kwetu. Chumba kikavu ndicho tusichoweza kujipatia wenyewe, na ndicho ulichotuahidi.

Friza ni ya kuazima. Giza la mwezi likiingia, wavuvi watarudi ziwani na mwenyewe ataihitaji kwa migebuka yake. Tunaomba ufunguo wa chumba kabla ya hapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mafundi cherehani, wachoraji na wapiga picha wa Mwanga na Ujiji