Goti la marehemu mume wangu

Kwa Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili tangu nikifundisha darasa la tatu, na sijawahi kuwaandikia. Lakini ile habari yenu ya kampuni ya afya iliyodukuliwa, mliyoimaliza kwa kutuhimiza wananchi "tuwe makini", imenikera hadi nikatafuta kalamu. Makini na nini? Faili langu sikulivujisha mimi.

Majuma mawili kabla ya habari hiyo, simu yangu iliita saa moja kasorobo asubuhi, uji ungali mekoni. Sauti ya kijana, yenye adabu. "Shikamoo mama." Akanitajia majina yangu matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Akataja dawa yangu ya sukari na ile ya presha, na miligramu zake, na siku ya kliniki. Eti kadi yangu ya bima imefungwa, nitume shilingi 3,500 ifunguliwe kabla ya siku hiyo. Nakiri nilishamwambia angoje nichukue miwani. Ndipo akajitia wema: "Na mzee, goti lake linaendeleaje?" Mzee nilimzika mwaka 2022. Mtaa mzima unajua, msikitini wanajua, hata muuza maziwa anajua. Mahali pekee ambapo marehemu yu hai na goti linamsumbua ni kwenye faili la kampuni ninayotibiwa kwa kadi yake, kwa sababu cheti cha kifo niliwapelekea mara mbili, na mara mbili wakaniambia hakuna mtandao, rudi kesho. Nilikata simu nikakaa kitako jikoni, uji ukaungua.

Nikaenda ofisini kwao. Binti wa mapokezi akaniambia taarifa zangu ziko salama. Nikamuuliza, salama kwa nani? Akanishauri nibadilishe nambari ya siri. Nimebadilisha. Na sukari nayo niibadilishe?

Basi mjukuu wangu akanifungulia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, nikaisoma kifungu kwa kifungu kama nasahihisha madaftari. Kifungu cha 43 kinaitaka kampuni imwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu igundue uvujaji wenye hatari ya kweli ya madhara, na sisi wenye taarifa tuarifiwe kwa maandishi. Mimi niliarifiwa na mwizi. Kifungu cha 56 kinaniruhusu kumlalamikia Kamishna, kwa barua au hata kwa mdomo, na lalamiko lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Cha 65 kinanipa haki ya fidia hata kama sikupoteza senti, maana dhiki ya moyo nayo inahesabiwa. Hayo ndiyo mngewaandikia watu, Mhariri! Waambieni wanakili tarehe na saa ya simu, wasifute ujumbe, waiandikie kampuni kuuliza inahifadhi nini juu yao, na nakala igongwe muhuri mbele ya macho yao. Waambieni wenye laini za Safaricom wabonyeze *106# waone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Mimi nilikuta mbili: yangu, na ile niliyomsajilia marehemu. Kisha mkimaliza, kisomeni kifungu cha 63 mkiwa mmekaa. Faini ya kampuni ni hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo yake ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo. Kidogo! Mwaka 2023 Kamishna aliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na alifanya vyema. Lakini piga hesabu: wateja watatu wa baa ile wanaipita faini ya juu kabisa ambayo kampuni yenye mabilioni inaweza kutozwa kwa mafaili ya wagonjwa wote nchini. Hesabu ya aina hiyo mtoto wangu wa darasa la tatu angeikatalia.

Na maadamu nimeshaanza, hivi vitabu vya getini ni vya nini? Pale pale ofisini kwao, askari alinipa daftari lililokunjamana na kalamu ya kufungwa kwa uzi, niandike jina, kitambulisho, simu na shida iliyonileta. Mstari wa juu yangu nikasoma kila kitu cha bwana mmoja nisiyemjua, na kwenye shida ameandika "matokeo". Wiki hiyo hiyo nikanunua njugu za shilingi kumi njiani, zimefungwa kwa karatasi ya maabara yenye umri wa mtu na nusu ya jina lake. Njugu nilikula. Karatasi ninayo.

Pendekezo langu ni hili. Mkurugenzi wa kampuni iliyovujisha apewe orodha ya wagonjwa wote na simu ya kitochi. Aanze saa moja kasorobo asubuhi, yeye mwenyewe, si msaidizi wake. Aamkie, ajitambulishe, kisha amsomee kila mmoja kilichotoka, dawa kwa dawa, na asubiri akiambiwa angoje miwani. Akifika kwangu, la goti asiulize.

Mwalimu mstaafu,
Changamwe, Mombasa